Tajiri Wako Ni Nani?

Bwana mwenyekiti, ahsante. Viongozi wa vyama, wazee wenzangu wa bandari, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mpate kutoroka: hamjambo nyote. Nimeambiwa nizungumze juu ya akili mnemba, hiyo AI ya kompyuta, na ajira. Wengi wenu mmeshanisikia nikisimulia mgomo wa Mombasa wa 1947, na naona mweka hazina wetu keshaanza kutabasamu. Tabasamu tu, ndugu yangu. Leo pia nitaanzia huko, kwa sababu sijaona pengine pa kuanzia.

Sitawaeleza Mombasa ya baada ya vita ilikuwaje. Bei, kodi za nyumba, kipande, hayo mmeyasikia kwa wazee wenu. Ninachotaka ni mlitazame lango la bandari alfajiri. Watu wamesongamana. Anatoka serahangi, msimamizi wa makuli, anapima mabega kwa macho, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye msuli wa buluu. Gengi likitimia, lango linafungwa. Aliyeachwa anarudi Majengo kwa miguu. Aliyechukuliwa anabeba magunia mpaka saa ya kuachia, analipwa, na uhusiano wake na ile kampuni umekwisha hapo hapo. Kesho ataitwa na kampuni nyingine, kesho kutwa yuko reli, mtondo yuko kwenye ujenzi. Ukimuuliza, "Tajiri wako ni nani?" yaani mwajiri wako, hana jibu. Na ukimwendea tajiri ukamuuliza, "Huyu ni mtu wako?" atakwambia, "Huyo? Huyo alikuwa kibarua wa jana."

Sasa niambieni, mtu asiye na tajiri anamgomea nani?

Tarehe 13 Januari 1947 walimgomea kila mtu. Bandari ilisimama, reli ikasimama, mahoteli yakafunga majiko, hata watumishi wa majumbani wakawaacha mabwana wao wajichemshie chai wenyewe. Watu wapatao 15,000, kwa siku 12. Na kila siku walikutana uwanja wa Kiembeni. Huo uwanja nawaomba mwukumbuke, nitaurudia. Pale kuli wa bandarini alijuana na fundi wa reli, mpishi wa Mzungu akamsikia mfagia barabara akitaja mshahara wake mbele ya watu. Chama chao, African Workers' Federation, kilizaliwa mgomo ukiwa unaendelea. Hawakungoja wasajiliwe ndipo wagome.

Serikali ikamleta Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, awasihi warudi kazini. Wakarudi, kwa ahadi kwamba litaundwa baraza la kusikiliza madai yao. Na aliyewekwa kuliongoza alikuwa nani? Jaji Thacker. Ndiyo, Ransley Thacker yule yule aliyekuja kumfunga Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953. Kila nikifika hapa kuna mtu huniambia, "Mzee, hilo halihusiani na mada." Najua halihusiani. Nalipenda tu.

Nyongeza za mshahara zilipatikana kiasi. Lakini angalieni waliopanga watu walifanywa nini. Chege Kibachia, aliyekuwa akikiongoza kile chama, alikamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa Kabarnet, bara kabisa, mahali ambapo hata ukitaka kugomesha meli huioni. Alikaa huko karibu miaka 10. Kule Nairobi Makhan Singh na Fred Kubai waliunda East African Trade Union Congress, muungano wa vyama vya wafanyakazi, mwaka 1949, na mwaka uliofuata wote wawili wakakamatwa. Makhan Singh hakuachiwa mpaka 1961. Kosa lao lilikuwa moja: kuwakusanya wafanyakazi wa kila aina chini ya paa moja. Serikali haikukataza vyama kabisa. Ilileta hata mshauri kutoka Uingereza kuja kutufundisha namna ya kuendesha chama cha adabu, kila kazi na chake, kila mtu na tajiri wake.

Na hapo sasa, baada ya kukimbiwa na mji mzima, matajiri wakagundua kwamba ukibarua una hatari. Katika miaka ya hamsini makuli wa Mombasa wakaandikishwa, idadi ikapunguzwa, polepole wakaanza kuhesabiwa kuwa watu wa kampuni. Wapo wanaodhani ilikuwa huruma. Ilikuwa ni woga wa Kiembeni.

Haya. Akili mnemba.

Watu wanapokuja kutuhutubia juu ya hii akili mnemba hutuonyesha picha za roboti. Mimi nataka mwone chumba cha kupanga, saa nane za usiku. Kijana amewasha kompyuta, anangoja kazi itokee. Ikitokea ni picha ya barabara ya mji asioujua. Anachora kisanduku kumzunguka kila mpita njia, kisanduku kingine kwa kila baiskeli, kingine kwa kila gari, ili gari linalojiendesha lijifunze kutomgonga mtu. Kisanduku kikizidi mguu wa mtu kidogo, kazi inakataliwa na malipo hayapo. Nani amekataa? Hajui. Siku moja anafungua akaunti, anakuta imefungwa. Anaandika barua pepe, anajibiwa na mashine inayomshukuru kwa kuwasiliana nasi.

Mwulizeni huyo tajiri wake ni nani.

Msidhani nazungumza ndoto. Mwanzoni mwa 2023 dunia iliambiwa kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, ndio waliosoma na kuchambua maandishi machafu ya ubakaji na mauaji ili ChatGPT ifundishwe kuyatambua. Walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kazi ni ya OpenAI ya Marekani, yenye hiyo ChatGPT; mkataba ni wa Sama. Na wale waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook, hivyo hivyo. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyejaribu kuwaunganisha wenzake akapoteza kazi mwaka 2019, aliishtaki Meta, mwenye Facebook, pamoja na Sama hapa Kenya mwaka 2022. Utetezi wa Meta ulikuwaje? Kwamba hawa si watu wetu, na mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yetu. Wazee wa bandari, mnaitambua hiyo sauti?

Mahakama ya Ajira haikukubali. Katika kesi nyingine, ya wachujaji zaidi ya 180, jaji alisema Juni 2023, katika maagizo ya muda, kwamba Meta ndiye mwajiri mkuu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa hapa. Wengi wa wachujaji hao wamepimwa na daktari wakakutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mambo waliyoyaona, zaidi ya watu 140. Na mwaka huo huo wa 2024, Seneti yetu wenyewe ikaletewa mswada wenye kifungu cha kumkinga mteja wa ng'ambo asifikishwe mahakamani na wafanyakazi wa wakala wake. Mahakama inamtoa tajiri mafichoni, wabunge wanamshonea buibui! Samahani, mwenyekiti, najua umesema tusiingize siasa. Lakini kama hiyo si kazi ya vyama kuipinga, kazi yetu ni kupanga maandamano ya Mei Mosi na kugawa fulana.

Najua mtakayoniambia. La kwanza: "Mzee, vijana wanaipenda hiyo kazi kwa sababu iko huru, unafanya ukitaka." Kweli. Na makuli wa zamani nao waliupenda ukibarua! Hilo hatulisemi kwenye hotuba za Mei Mosi, lakini ni kweli. Mtu alifanya siku kadhaa kwa mwezi, akapata ya kodi na unga, zilizobaki akaenda shamba lake au akavua. Wapo waliochukia kufanywa watu wa mshahara wa mwezi. Mimi simnyang'anyi mtu uhuru wake. Nasema uhuru huo uwe na bei iliyoandikwa, akaunti isifungwe bila sababu kutajwa, na awepo mtu wa kumwendea, mwenye jina na ofisi.

La pili: "Mkiwabana watahama." Wameshahama. Uchujaji ulipelekwa Accra, na malalamiko ya Accra ni yale yale. Basi Kiembeni yetu ya leo itabidi ifike mpaka Accra. Na hilo ndilo gumu. Wale wa 1947 walikuwa na uwanja. Hawa wanasainishwa hati ya kutotoa siri, mtu hata mkewe hamwambii anafanya nini. Wa mtandaoni hajapata kuonana na mwenzake uso kwa uso. Ndiyo maana ule mkutano wa Nairobi wa Mei Mosi 2023, zaidi ya watu 150 wa Facebook, TikTok na ChatGPT wakipiga kura ya kuunda chama chao, kwangu ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kwa mara ya kwanza walikaa viti vya jirani.

La tatu, na hili hunichosha: "Nyinyi watu wa vyama mnachukia mashine." Mwaka 1960 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha Harry Bridges, walikaa mezani na waajiri wakakubali mashine ziingie bandarini. Lakini waliziuza! Waajiri walitoa kiasi cha dola milioni 5 kila mwaka kwenye mfuko wa kulinda mapato yao na kuwastaafisha wazee mapema. Walioachwa nje ya makubaliano hayo ni wale wasiokuwa wanachama kamili. Daima ni hao.

Sisi tulifanywaje kompyuta zilipokuja? Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo, chaki mkononi na daftari kwapani. Tukaitwa kwenye kikao, chai na mandazi, tutoe maoni. Tumetoa maoni mazuri kabisa, tukapigiwa makofi. Nikitoka naona makasha ya kompyuta yameshashushwa ghalani, yamebandikwa majina ya ofisi zitakakowekwa, yetu ikiwemo. Kwa hiyo katika mikataba ya pamoja mtakayoiandika, neno "mashauriano" peke yake msilikubali. Wekeni kwamba taarifa ije kabla ya ununuzi.

Naletewa kikaratasi, muda umekwisha. Nilitaka kufika Kericho, kwenye mashine za kuchuma chai zilizochomwa moto Mei 2023, na kwa nini mimi siwalaumu upesi wale akina mama wachuma chai. Nilitaka pia kuwasimulia waandishi wa filamu wa Marekani, waliogoma siku 148 mwaka huo huo wakapata kifungu cha kuzuia akili mnemba isihesabiwe kuwa mwandishi. Someni wenyewe, kifungu hicho ni kifupi na kinaweza kuigwa. Na madereva wa apu, mwenyekiti, hao wangehitaji siku yao peke yao.

Maswali sasa. Waanze wale wa mlangoni. Hawa wazee wenzangu maswali yao nayajua, na baadhi tumeshagombana kwayo tangu asubuhi.