Funza Wamekula Nini?

SALIM: Mwanaidi, karibu kipindini. Sauti yako yasema hujalala.

MWANAIDI: Nimeshinda maabara, Salim. Gunia jipya la chakula limefunguliwa: lebo ile ile, lakini la mwanzo lilikuwa kahawia hafifu, hili jeusi na lanuka dagaa. Zebrafishi, wale samaki wadogo wa majaribio, wanakidonoa, wanakitema, kinazama chini ya tangi.

SALIM: Unga wa samaki huo.

MWANAIDI: Ndio. Ukibadilika samaki aliyesagwa, ama msimu, umebadilika na unga. Panya wa maabara wana fomula yao, AIN-93, kila gramu yajulikana. Zebrafishi tunawatumia kuchunguza maradhi ya watu, asilimia 70 hivi ya jeni zetu zina mwenziwe kwao, na bado kila maabara yalisha yake! Matokeo ya huku na kule utayalinganishaje?

SALIM: Wape soya.

MWANAIDI: Soya ina saponini, kemikali ya mmea, huvimbisha utumbo wa vifaranga vya samaki. Ukiuona uvimbe, utajuaje ni dawa unayoijaribu ama ni chakula? Mimi nataka mabuu ya nzi askari mweusi, badala ya unga wa samaki.

SALIM: Funza. Haya, funza wamekula nini?

MWANAIDI: Mabaki ya matunda na mboga.

SALIM: Ya soko la Kongowea? Basi msimu wa maembe, funza wa maembe. Ramadhani, funza wa tende!

MWANAIDI: (anacheka) Salim, bwana!

SALIM: Nakuuliza kwa dhati, mamangu. Mafuta ya funza si hufuata alichokula?

MWANAIDI: Hufuata, sikatai. Ndio nikasema walishwe kitu kimoja, pumba za ngano, basi.

SALIM: Na ngano imekula nini?

MWANAIDI: Yallah!

SALIM: Mbolea gani, shamba gani? Wewe wahamisha tatizo tu, unalitoa kwa dagaa, unalipeleka kwa nzi. Tumia kazeini iliyosafishwa, protini ile ya maziwa, kama ya panya.

MWANAIDI: Kazeini ni ya maziwa. Samaki gani alinyonya? Arginini yake, kijenzi cha protini, ni haba, mpaka uichanganye na jelatini. Na porini zebrafishi hula wadudu, hicho ndicho chakula chao.

SALIM: Porini hatufanyi majaribio. Kipimo kwanza, mazoea ya samaki baadaye.

MWANAIDI: Samaki asiyekula vizuri hana kipimo. Hatagi, hakui, wampima nini?

SALIM: Nampima nikijua kilicho tumboni mwake.

MWANAIDI: Nami nakwambia kazeini haitamlea.

SALIM: Hapo sikufuati.

MWANAIDI: Wala mimi sikufuati wewe.

SALIM: Jamani, naonyeshwa saa. Tulikuwa tuwape wanafunzi njia tatu za kukagua gunia kabla ya kulisha...

MWANAIDI: Hata ya kwanza hatujaigusa. Angalau wekeni kando kiasi cha kila gunia, mkigandishe, mwandike tarehe.

SALIM: Na anayetumia funza aandike funza walikula nini.

MWANAIDI: Aandike! Hilo nalitaka hata mimi. Lakini kazeini, hapana.

SALIM: Zima maikrofoni, huyu hamalizi leo.