Alama ya Kupita Inatoka Wapi?

(Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya walimu, wauguzi na manahodha)

Assalaam aleikum, na karibuni nyote. Nimeombwa nizungumzie vipimo vya kisaikolojia: vina faida gani kazini, na alama ya kupita huwekwaje. Naanza na hilo la pili, maana ndilo linaloumiza watu.

Wengi wetu tumekulia kwenye hamsini kwa mia. Ukipata hamsini umepita, ukipata arubaini na tisa umeanguka, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Ni mazoea tu. Mtihani ukiwa mwepesi, hamsini inampitisha asiyejua kitu. Ukiwa mgumu, inamwangusha hodari.

Iko njia yenye hoja zaidi, aliyoieleza Mmarekani William Angoff mwaka 1971. Tuseme tunawapima vijana wanaotaka kuendesha boti za abiria baina ya Lamu na Pate. Tunawaita manahodha wazoefu, kama nyinyi mlioketi hapa mbele, na kuwaambia: mfikirieni kijana aliye ukingoni kabisa, ambaye ungemkabidhi abiria, lakini angepungukiwa kidogo tu ungemkatalia. Vijana 100 wa namna hiyo wakiulizwa mlango wa bahari wa Mkanda unapitika maji yakiwa vipi, wangapi watajibu sawa? Nahodha mmoja atasema 90, mwenzake 60. Waacheni wabishane! Hapo ndipo tutakapojua kila mmoja anadai nini kwa mtu wa kubeba roho za watu. Kisha kila mmoja akadirie upya, swali baada ya swali, na wastani wa makadirio yote ndio alama ya kupita. Huenda ikawa 71, huenda 58. Kijana aliyeanguka akiuliza sababu, ataelezwa.

Kuhusu faida, watafiti Taylor na Russell walionyesha mwaka 1939 kwamba ubora wa kipimo peke yake hautoshi. Tazama pia nafasi ni ngapi kwa waombaji wangapi, na ni wangapi miongoni mwao wangeiweza kazi hata bila kupimwa. Waombaji 20 kwa nafasi 18, kipimo kizuri namna gani kitakusaidia nini? Waombaji 200 kwa nafasi hizohizo, hapo hata kipimo cha wastani kinalipa.

Sasa nije kwa wauguzi. Dodoso la PHQ-9 la kuchunguza sonona lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na kikomo kinachotumika sana ni 10: anayefikia hapo ndiye anayenaswa kuwa huenda ana sonona. Katika utafiti wa mwaka 2001 kikomo hicho kiliwanasa 88 katika kila wagonjwa 100, na kikawaachia 88 katika kila watu 100 wasio na ugonjwa huo. Inapendeza kusikia. Lakini chukueni watu 1,000 ambao 100 kati yao wana sonona. Mtawanasa 88, na 12 watawaponyoka. Katika wale 900 wazima, 108 watanaswa bure. Mbele yenu wamesimama watu 196, na zaidi ya nusu yao hawana sonona! Kwa hiyo aliyepata 10 aitwe akae, aulizwe nyumbani kukoje, analala vipi. Asiandikiwe ugonjwa kwenye faili kwa sababu ya namba.

Mkipandisha kikomo, wanaosumbuliwa bure watapungua na wanaoponyoka wataongezeka. Hesabu haiwezi kutuchagulia lipi lina madhara zaidi. Ni sisi tunaowajua watu hawa. Mimi, katika uchunguzi wa mwanzo, naona afadhali kumsumbua mzima kwa nusu saa kuliko kumwacha mgonjwa arudi kwao peke yake.

Na swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, msilichanganye na kikomo. Mtu akiandika chochote zaidi ya sifuri hapo, hata jumla yake ikiwa 3, asitoke zahanati kabla hamjazungumza naye.