Mkanda na Daftari Lake: Mhadhara juu ya Kuhifadhi Filamu na Nyaraka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi za masijala na nyaraka, walimu, wanafunzi na wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi. Naomba nianze na kopo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama stoo ya ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa ingeweza kuwa ofisi yoyote. Jengo lilikuwa linapakwa rangi na mafundi walitaka vyumba vitupu. Katika chumba cha mwisho, chini ya rundo la majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani, tulikuta makopo kumi na moja ya mikanda ya filamu, mengine yakiwa yameliwa na kutu hadi mifuniko imegandamana nayo. Harufu ya siki ilitupokea kabla hatujafungua hata moja. Mtunza stoo, mtu mwema na mwangalifu, alidhani kuna mtu aliyemwaga achari. Siki sikuishangaa, maana niliitarajia, kilichoninyima usingizi usiku ule ni kwamba katika makopo yote hayo lebo iliyosomeka ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imeandikwa kwa wino maneno mawili: “Ya pili.” Ya pili ya nini, hapakuwa na aliyejua.

Hoja yangu leo inatoka katika lebo hiyo. Tunapozungumzia kuhifadhi filamu tumezoea kuuzungumzia mkanda peke yake, ilhali mkanda na karatasi zinazoueleza ni kitu kimoja, na mtu aliyeokoa kimoja akakiacha kingine ameokoa nusu.

Lakini tuanze na siki, kwa sababu wengi wenu mtakutana nayo kazini. Mikanda ya sinema ya mwanzo, tangu miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu ambacho kikishashika moto hakizimiki kwa kufunikwa, kwa kuwa kinapoungua hujitolea oksijeni chenyewe. Mwezi Machi mwaka 1982 hifadhi ya taifa ya filamu ya Mexico, Cineteca Nacional, iliteketea pamoja na maelfu ya mikanda yake. Asetati, iliyokuja kuchukua nafasi ya nitrati, ilisifiwa kuwa filamu salama, na ni kweli haiwaki ovyo, ila huoza. Ikikaa kwenye joto na unyevu humeguka na kutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, na asidi hiyo huchochea mmeguko zaidi, hivyo uozo ulioanza polepole huenda ukiongeza mwendo. Mkanda hunywea, hujikunja, hukakamaa kama jani la mgomba lililokaushwa na jua, na mwishowe tabaka lenye picha hubanduka. Mvuke wake huwadhuru pia majirani, ndiyo maana kopo linalonuka hutengwa mara moja.

Wataalamu wa Image Permanence Institute, huko Rochester nchini Marekani, wamekadiria kwamba mkanda mpya wa asetati ukitunzwa katika nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50 utachukua takriban miaka 40 kabla ya uozo huo kuanza kushika kasi. Sasa tujiulize sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja: nyuzi 21 tutazipata wapi, isipokuwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe huzimwa saa tisa na nusu ofisi inapofungwa? Nitasema jambo ambalo wakuu wa ofisi hawapendi kulisikia, kwamba chumba kinachopozwa mchana na kuachwa kipate joto usiku, kila siku ya Mungu, kinauchosha mkanda kwa kuufanya utanuke na kunywea bila kupumzika. Vyema kupata chumba kidogo chenye ubaridi usiobadilika kuliko ukumbi mkubwa wenye kiyoyozi cha kuwaonyesha wageni.

Baridi inaweza kufanya mambo ya ajabu. Mwaka 1978, katika mji wa Dawson City, kaskazini-magharibi mwa Kanada, wachimbaji wa uwanja wa ujenzi walifukua mikanda 533 ya nitrati iliyokuwa imefukiwa mwaka 1929 ili kulijazia bwawa la kuogelea. Dawson ilikuwa kituo cha mwisho katika safari ya usambazaji. Filamu zilifika huko zikiwa zimechakaa, na wenye mali hawakuona faida ya kulipia nauli ya kuzirudisha. Ardhi iliyoganda mwaka mzima ikazitunza kwa takriban nusu karne, na baadhi yake zilikuwa filamu ambazo ulimwengu ulikwisha kuzihesabu kuwa zimepotea. Mfano huu hupendwa mno na watu wa fani yetu, nami naupenda, lakini kwetu una hatari ya kutubembeleza. Kilichofukiwa Kigamboni mwaka 1929 leo ni udongo.

Nirudi nyumbani, basi, nikae hapo kwa muda. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwaelimisha Waafrika kwa sinema. Wazo lilitoka kwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha za kuanzia zilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, na kazi yenyewe iliendeshwa na Waingereza wawili, Leslie Notcutt na G. C. Latham. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35 za milimita 16, nyingi zikiigizwa na watu wa Tanganyika, juu ya kilimo, afya, akiba ya posta, kodi na mengineyo. Nia ilikuwa ya kikoloni bila kificho: mtawaliwa afundishwe kuwa mtawaliwa mwenye manufaa. Lori lenye mitambo ya kuonyeshea lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwekwa kwenye mkanda. Iliwekwa kwenye sahani za santuri, ili filamu ile ile iweze kusimuliwa kwa lugha hii leo na kwa lugha nyingine kesho. Kwa fedha za wakati ule huo ulikuwa werevu. Kwa mtunza nyaraka ni balaa, kwa sababu filamu moja tayari ni vitu vitatu, yaani mkanda, sahani na maandishi ya msimulizi, na mkanda uliotengana na sahani yake umekuwa bubu.

Katika filamu hizo 35, zinazojulikana kuwa zimebaki ni tatu tu, nazo ziko London, katika hifadhi ya British Film Institute: moja inahusu safura, moja mafunzo ya utabibu wa mifugo, na moja mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Wala tusiusingizie moto, maana filamu ya milimita 16 ilitengenezwa kwa asetati tangu ilipoingia sokoni mwaka 1923. Hata hivyo tunajua mengi kuhusu zile 32 zisizoonekana, na tunayajua kwa sababu Notcutt na Latham walichapisha kitabu London mwaka 1937, wakaeleza walichotengeneza, walivyokitengeneza, gharama zake, na jinsi watazamaji walivyokipokea. Ni ushahidi wa upande mmoja, nami nawaomba wanafunzi wausome kwa jicho kali. Lakini ni ushahidi. Karatasi imezitunza filamu hizo kuliko makopo yalivyozitunza, na siku kopo la nne litakapojitokeza katika stoo fulani, iwe Korogwe, Nairobi au Lilongwe, ni karatasi hiyo itakayotuwezesha kulitambua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakilinasihi duka, lakini hakuna ghala la filamu ambalo methali hii hailihusu. Tazameni sahani za santuri za Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Zilitawanyika katika majumba ya watu, zikachezwa kwa sindano butu, nyingine zikavunjika. Lakini kampuni iliyomrekodi iliipa kila sahani namba na kuichapa kwenye lebo pamoja na jina la mwimbaji, na kwa sababu hiyo mtu anayezitafuta leo anaweza kujua ameipata ipi na bado anaitafuta ipi. Kampuni haikufanya hivyo kwa kuupenda utamaduni wetu. Ilitaka kuuza na kudai fedha zake. Karani wa biashara alitutunzia historia bila kukusudia.

Upungufu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye majina ya watu wanaoonekana. Katika filamu nyingi za zamani za sehemu zetu jina la afisa aliyetembelea linaandikwa, na jina la mama anayetwanga mbele ya kamera halipo. Pale kijijini alijulikana na kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Dawa yake ni kuirudisha picha alikopigwa yule mama, wazee waketi, mkanda usimamishwe kila anapotokea mtu, na karani aandike kila kinachosemwa, pamoja na mabishano. Mabishano hayo ni nyaraka pia. Kazi hii haihitaji mtambo wa gharama. Inahitaji kufanywa upesi, kwa sababu aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati wa uhuru wa Tanganyika sasa amekwisha kupita sabini.

Niwageukie kidogo wale wanaodhani kwamba haya ni ya watu wa sinema. Mikrofilamu zilizomo katika hifadhi zetu, yaani mikanda yenye picha ndogondogo za kurasa za nyaraka, kama ni za miaka ya 1960 au 1970, zinaweza kabisa kuwa za asetati. Nendeni mkazinuse.

Kuhusu kanda za sumaku, yaani kanda za redio na za video, nitapita haraka. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevu na kuwa kama ulimbo, na mashine nyingi za kuzichezea hazitengenezwi tena. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilikwisha kuutaja mwaka 2025 kuwa ukomo, kwamba kanda ambazo zingekuwa hazijahamishwa kufikia hapo zingekuwa katika hatari ya kupotea moja kwa moja. Mwenye kanda na mashine inayofanya kazi asingoje bajeti ya mwaka ujao.

Wapo wanaoniambia kwamba yote hayo yamekwisha kutatuliwa na kompyuta. Mwaka 2007 taasisi ya sanaa za sinema ya Hollywood, ile inayotoa tuzo za Oscar, ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba kutunza nakala mama ya filamu moja katika mkanda kunagharimu dola 1,059 kwa mwaka, na kuitunza kidijitali kunagharimu dola 12,514. Bei zimebadilika tangu hapo, na sisemi tuache kudijitisha. Nasema kudijitisha ni kuanza kulipa. Diski hufa, mifumo hupitwa na wakati, na nakala lazima zihamishwe kila baada ya miaka michache na mtu anayejua anahamisha nini. Filamu za video zilizouzwa Kariakoo kwa maelfu ya nakala tunaziona kuwa salama kwa wingi wake, ilhali waliozitengeneza wengi wao wanazo kwenye diski moja iliyo juu ya kabati, ndani yake mna faili liitwalo “Video mpya 2.” Faili hilo na kopo langu la “Ya pili” ni watoto wa mama mmoja.

Mnaweza kutaka kujua makopo yale kumi na moja yaliishia wapi. Tuliyatoa nje, tukayaacha yapumue kivulini, tukapoteza mawili ambayo mikanda yake ilikuwa imegandamana kuwa bonge. Tisa tukayapa namba, kwa penseli, kwenye kopo na kwenye kadi. Tulipouweka mkanda wa lile la “Ya pili” juu ya meza yenye mwanga, tuliona watu wakishuka kwenye mtumbwi mmoja baada ya mwingine, na mtu wa mwisho amebeba cherehani kichwani. Kadi yake ina namba, urefu wa mkanda, hali ya siki na maelezo ya cherehani. Mstari wa mahali na mstari wa majina bado viko wazi, na penseli imefungwa kwa uzi kwenye sanduku la kadi, kwa ajili ya yeyote atakayekuja akasema, huyu namfahamu.