Mkonga Hauongezi Uzito: Uamuzi wa Dereva Mbele ya Maji ya Mafuriko

(Mhadhara kwa madereva wa halmashauri, wa magari ya wagonjwa na wa wanunuzi wa korosho, Lindi mjini, kabla ya msimu wa mvua)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Madereva wenzangu poleni na safari, najua wengine mmeingia asubuhi hii kutoka Liwale na usingizi bado mnao.

Nimeombwa nieleze namna ya kuvusha gari la foo wili kwenye maji ya mafuriko. Nimeitika, ila nitaanzia nyuma ya hapo. Kuvusha mnajua: namba moja, mwendo wa kuambaa, mguu usiachie mafuta, usibadili gia katikati. Wengi humu mnaweza kunifundisha mimi. Shida yetu ni kuamua. Watu wanaosombwa na maji hawasombwi kwa sababu dereva hakujua gia. Wanasombwa kwa sababu uamuzi ulifanyika kwa dakika moja, injini inaunguruma, bosi kiti cha nyuma anatazama saa.

Tuanze na mkonga, maana ndio unaotupa kiburi. Lile bomba linalopanda pembeni ya kioo lina kazi moja, kuipa injini hewa kutoka juu. Na kazi hiyo ni kubwa, nisieleweke vibaya. Chukueni 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota iliyo kwenye hardtop, yaani Land Cruiser, nyingi za mkoa huu. Ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, yaani kila silinda kama 694. Mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1. Pigeni hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 32, vijiko viwili vikubwa vya chakula. Hewa inakubali kubanwa humo. Maji hayakubali. Injini ikivuta maji kuzidi vijiko hivyo viwili kwenye silinda moja, pistoni inapanda na kukuta ukuta, na konrodi, kile chuma kinachoisukuma pistoni, inapinda. Ndiyo maana fundi akiletewa gari lililozimikia majini, akisikia mwenyewe alilipiga stata hapohapo ndani ya maji, anashika kichwa.

Kwa hiyo mkonga ni mali. Lakini mkonga hauongezi hata kilo moja ya uzito wa gari, na foo wili haiongezi. Foo wili inagawa nguvu kwenye matairi manne, na tairi linashika kwa sababu uzito unaligandamiza chini. Ukiondoa uzito, matairi yote manne yanazunguka bure. Maji ya mafuriko yanaanza na kuondoa uzito.

Hapa sitaki mniamini kwa maneno, tupige hesabu pamoja. Sakafu ya hardtop tuikadirie mita nne kwa moja na nusu. Hizo ni mita sita za mraba. Maji yakishafika kwenye sakafu, kila sentimita kumi yanazopanda yanajaribu kuchukua nafasi ya lita 600, na lita 600 za maji ni kilo 600. Gari lina tani mbili na ushei. Sentimita ishirini juu ya sakafu, umeshanyang'anywa zaidi ya nusu ya uzito. Sentimita arobaini hivi, gari linaelea kama dau tupu, tofauti ni kwamba dau lina usukani unaofanya kazi majini na nahodha aliyezoea mkondo. Gari jipya lenye milango inayobana vizuri linaelea mapema zaidi, kwa kuwa maji yanachelewa kuingia ndani.

Australia, nchi yenye foo wili nyingi na mafuriko mengi, Chuo Kikuu cha New South Wales mwaka 2017 kilitoa matokeo ya kujaribu magari halisi kwenye maji. Nissan Patrol ya tani mbili na nusu ilianza kuyumba maji yalipofika sentimita 45, yakienda kilomita 3.6 kwa saa. Yalipofika sentimita 95, iliinuka kabisa. Toyota Yaris, gari dogo, ilisogezwa na maji ya sentimita 15 tu.

Kilomita 3.6 kwa saa ni mwendo wa mama anayetoka sokoni na kapu zito. Hatuuhofii, kwa sababu tumezoea kuogopa maji yanayonguruma. Na kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, ni mara tisa.

Jinsi ya kupima haihitaji chombo. Tupa kijiti majini, tembea nacho sambamba ukiwa nchi kavu. Kikienda sawa na hatua zako za kawaida, hiyo kasi imeshatosha kuitikisa Patrol. Kina, tazama kilichosimama majini ambacho urefu wake unaujua: nguzo ya barabara, kingo ya daraja, gari lililotangulia. Tairi la saizi ya 7.50R16 lina kimo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo maji yakifika katikati ya tairi ni sentimita 40. Mpaka wangu ni huo. Maji yakifika katikati ya tairi na yanatembea, siingii. Kitabu cha gari kinaweza kuandika sentimita 70, na ni kweli kwa maji yaliyotulia juu ya ardhi ngumu. Mto uliopanda barabarani hauko kwenye kitabu hicho.

Wapo wanaofundisha kwamba uingie kwa miguu kwanza upime. Kwenye dimbwi lililotulia, sawa, na kijiti mkononi. Kwenye maji yanayokimbia, hapana. Maji ya magoti yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sisi watu wa kusini hatuhitaji kukumbushwa kuhusu mamba wa Ruvuma. Kama huthubutu kuingia kwa miguu, umeshapata jibu la gari.

Sasa ardhi. Hili naliona ni zito kuliko kina na kasi, kwa sababu huwezi kuliona. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotupitia, barabara kuu ya Dar es Salaam kuja huku Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga. Ni barabara ya lami, inayopita mabasi na malori ya korosho. Maji hayaanzi kula lami. Yanaanza kula udongo wa tuta kandokando ya kalavati, yanauchota kutoka chini, na lami inabaki juu kama ilivyokuwa ila chini hakuna kitu. Dereva anayefika wakati maji yamefunika anakumbuka barabara aliyoipita juzi. Gari la kwanza linaweza kupita salama na la pili likazama palepale. Kwa hiyo hoja ya kwamba "mwenzetu kapita sasa hivi" haina uzito wowote kwangu. Na usiku ndiyo kabisa, taa zinang'arisha uso wa maji na hazikuonyeshi kilicho chini. Usiku usivuke.

Nije kwenye mto wetu. Lukuledi unakusanya maji ya upande wa Masasi, unapita bondeni kati ya nyanda za juu, unashuka Mtama hadi Mingoyo, halafu unaingia kwenye ghuba yetu. Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, mvua inaweza kunyesha Masasi na wewe Mingoyo unaona jua, halafu maji yakakufuata baadaye. Anga safi si ruhusa. La pili ni bahari. Wavuvi mliomo humu mtaniunga mkono: bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likijaa, mto haupati pa kushukia, unarudi nyuma na kutanda. Bahari ikianza kupwa, mto nao unapata njia. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na kidogo. Dereva anayejua hivyo anaweza kumwambia bosi wake, "Tukisubiri hadi alasiri, maji hapa yanaweza kupungua," na hayo ni maneno ya mtu mwenye sababu. Kusubiri nako ni kazi ya udereva. Weka kijiti ukingoni, weka alama, angalia baada ya nusu saa kama maji yanapanda au yanashuka. Yakipanda, ondoka hapo, rudi kwenye mwinuko.

Desemba 2021, mto Enziu, Mwingi, nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji. Likateleza pembeni, likalala, likazama. Walikufa zaidi ya watu 30. Uzito wa basi ni mara kadhaa ya hardtop. Kulikuwa na watu wengi wamesimama ukingoni wakitazama. Nafikiria sana juu ya kusimama kule ukingoni. Watu wakiwa wengi, dereva anaona haya kugeuza. Abiria wananung'unika, vijana wa bodaboda wanakuelekeza kwa mikono kana kwamba wao ndio watakaozama, na kwa namna fulani kurudi nyuma kunaonekana woga.

Kwa sababu hiyo nawaomba wakuu wa idara mliomo humu, na viongozi wa vyama vya ushirika, jambo moja ambalo halina gharama. Mpeni dereva haki ya kusema hapana, kwa maandishi, kabla ya safari. Andikeni kwenye karatasi ya safari: akisema gari halivuki, halivuki, na hataulizwa posho wala hataandikiwa barua. Mmoja wenu akimlazimisha, uamuzi ni wa aliyelazimisha. Nimeona madereva wazuri wakiingia majini si kwa ujasiri, kwa hofu ya kupoteza kazi. Hili linaniumiza.

Dada muuguzi pale nyuma ameinua mkono. Anauliza: na mama mjamzito akiwa nyuma ya gari, uchungu umemshika, tufanyeje?

Dada, asante, hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Jibu langu ni kwamba gari likisombwa tumewapoteza mama, mtoto, wewe na dereva. Mama akikaa ukingoni na wewe upo na vifaa vyako, bado ana nafasi. Kwa hiyo kabla hamjaondoka kituoni, piga simu kwa mtendaji wa kijiji kilicho jirani na maji, muulize maji yako wapi. Omba gari la upande wa pili lije ukingoni lisubiri. Beba vifaa vya kuzalishia kila safari ya msimu huu, hata ukiona utafika baada ya nusu saa. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya rangi ya machungwa, wajawazito walioingia wiki za mwisho wahamishwe siku hiyohiyo, wasogezwe karibu na hospitali kabla mto haujafunga njia. Uamuzi mzuri wa gari la wagonjwa unafanyika jua likiwa linawaka.

Mkiamua kuvuka kwa sababu vipimo vyote vimekubali, fungueni vioo kabla ya kuingia, maana vioo vya umeme vikilowa vinaweza visifunguke. Gari likianza kuelea, mikanda ifunguliwe, mtoke dirishani, mpande juu ya paa, mpige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112. Mkishavuka, kanyageni breki mara kadhaa zikauke. Difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, ikitoka barabarani ni ya moto, ikiingia kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kijibomba chake cha kupumulia. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, imwagwe siku hiyo.

Magari yenu yapo nje. Twendeni, kila dereva alale chini ya gari lake aniangalizie kile kijibomba kama kipo, kama kimeziba, na kinaishia wapi.