Mfumo Endeshi Hauna Toleo la Mwisho, Mashine Yako Inalo

Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya walimu wa TEHAMA, wanafunzi na wenye stesheneri

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na nyinyi mliofunga stesheneri mapema kule Makoroboi na Kirumba ili mfike hapa, asanteni sana.

Swali tulilopewa ni hili: itafika siku kompyuta iwe na mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha, kama Windows) wa mwisho, ukishauweka umemaliza? Jibu langu ni hapana. Lakini papo hapo nasema kila laptop iliyomo ukumbini humu ina toleo lake la mwisho, na mara nyingi tarehe yake imeshapangwa na watu wasiotujua. Tukiyachanganya mambo haya mawili, tunapoteza pesa.

Ahadi ya toleo la mwisho tumewahi kupewa. Mei 2015, kwenye mkutano wa Microsoft mjini Chicago, mfanyakazi wa kampuni hiyo aitwaye Jerry Nixon alisema Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho. Maana yake ilikuwa kwamba hakutakuwa tena na kungoja toleo jipya. Hiyo hiyo itaongezewa mambo kidogo kidogo. Oktoba 5, 2021 ikatoka Windows 11. Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani masasisho ya usalama, ukakoma. Simwiti mwongo. Nasema ahadi ile haitekelezeki kwa yeyote, na sababu zake ndizo nataka tukae nazo leo.

Wengi tunaamini mfumo hubadilishwa kwa sababu waandishi wake wanakosea, au kwa sababu kampuni inataka kuuza. Yote mawili yapo. Lakini tuseme amepatikana mwandishi asiyekosea kabisa, akaandika mfumo usio na dosari hata moja. Utadumu?

Januari 2018 ulitangazwa udhaifu wa aina mbili, Meltdown na Spectre. Haukuwa kwenye Windows wala kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine. Ulikuwa ndani ya prosesa zenyewe, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Prosesa za sasa, ili ziwe na kasi, hukisia kazi inayofuata na kuianza kabla hazijaagizwa. Zikikisia vibaya hulifuta jibu, ila alama za kazi ile hubaki kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya prosesa, na programu yenye nia mbaya inaweza kupima alama hizo mpaka ikaambulia siri isiyoihusu, hata nywila. Huwezi kuzikusanya prosesa za dunia nzima ukazitengeneza upya. Ikabidi Windows, macOS ya kompyuta za Apple na Linux zibadilishwe ili zijikinge na chuma zilichokalia. Ule mfumo wetu usio na dosari nao ungeguswa.

Serikali nazo hubadili mambo. Wenzetu wa Sudan Kusini walikuwa na saa moja na sisi mpaka Februari 1, 2021, waliporudisha saa nyuma kwa saa moja. Kanuni za saa za kila nchi zimo ndani ya mfumo endeshi. Kompyuta ya Juba isiyopata sasisho ingeendelea kuonyesha saa ya Mwanza, na hapo hakuna fundi aliyekosea.

Halafu lipo la kalenda. Mifumo mingi ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, huhesabu sekunde kuanzia Januari 1, 1970, na ile ya zamani huiweka hesabu hiyo mahali pasipoweza kupita 2,147,483,647. Namba hiyo itafika Januari 19, 2038, na ikipita hapo tarehe kwenye mifumo hiyo itavurugika. Hapa kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi. Linux imeshaanza kujiandaa: marekebisho makubwa kwa mashine za biti 32 yaliingia mwaka 2020. Vifaa vidogo visivyosasishwa ndivyo vinavyonitia wasiwasi.

Je, hakuna programu iliyowahi kufungwa? Ipo moja ninayoiheshimu sana, TeX ya Donald Knuth, ya kupanga kurasa za vitabu. Ameigandisha kwa makusudi. Kila anaporekebisha kosa, namba ya toleo huongezewa tarakimu moja ya pai, ile namba ya duara isiyo na mwisho. Mwaka 2021 ilikuwa 3.141592653. Ameagiza kwamba akifariki namba iwe pai yenyewe, na makosa yatakayobaki yahesabiwe kuwa sehemu ya programu. Anaweza, kwa sababu TeX hupokea maandishi na kutoa ukurasa; haiongei na printa mpya, haikai mlangoni mwa intaneti. Mtumbwi uliopandishwa mchangani pale Mwaloni hauhitaji kuzibwa. Ulio majini ndio unaozibwa kila msimu. Mfumo endeshi kazi yake ni kukaa majini.

Hata aliyetangaza mwisho hulazimika kurudi. Windows XP ilifungwa Aprili 8, 2014. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipovamia hospitali za Uingereza na kuenea duniani, Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, cha XP, miaka mitatu baada ya kuifunga.

Sasa tuje kwetu. Kompyuta nyingi za stesheneri zetu, hizi tunazojazia fomu za mikopo ya chuo na kuchapia barua, zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani kuanzia mwaka 2017 hivi. Laptop ya kizazi cha 6 inaweza kuwa nzima kabisa, kioo safi, betri inakaa, lakini kwa Windows safari yake rasmi imeisha. Hili linaniuma. Tunakabidhiwa mashine ambayo tarehe yake imepita, kwa bei isiyosema hivyo.

Linux inatupa nafasi kubwa zaidi, nayo haina umilele. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwenye prosesa ya Intel iitwayo 386. Desemba 2012 msaada wa 386 uliondolewa. Miaka 21. Ningefurahi kama kila shule ya mkoa huu ingekuwa na mwalimu mmoja anayeweza kuweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, kwenye mashine ambayo Windows imeikataa, badala ya kuitupa stoo.

Kabla ya kununua, usiulize tu ramu na diski. Uliza prosesa ni kizazi cha ngapi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome toleo. Muuzaji akikwambia hakuna shida, fundi atakupigia Windows 11 kwa njia ya mkato, mwombe akuandikie hilo kwenye risiti.

Waliokuja na laptop zao wazifungue sasa, tuangalie moja moja. Maswali mtaniuliza huku tunaendelea.