Nauli ya Kwenda Kakamega: Historia ya Ligi za Chini za Raga

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mlioketi nyuma kabisa kana kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwa bahati mbaya, nitaanza na hesabu.

Kikosi cha raga ya wachezaji 15 siku ya mechi ni watu 23: kumi na watano wa kuanza na wanane wa akiba. Weka kocha, msaidizi wake, meneja, mtu wa huduma ya kwanza na kijana wa kubeba mipira na maji. Hao ni 28. Nauli ya treni ya SGR, daraja la kawaida, kutoka Miritini, stesheni yetu ya Mombasa, hadi Nairobi ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mara 28, unapata 42,000. Kurudi, 42,000 nyingine. Ni shilingi 84,000 na hakuna aliyekula hata kiazi karai. Tena treni inakuacha Syokimau, mjini bado. Na kama mpinzani wako yuko Kakamega, ukishuka hapo una zaidi ya kilomita 350 za barabara zinakungoja, na malazi, na chakula cha vijana 23 wenye vifua kama milango ya Mji wa Kale.

Naona mweka hazina mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Pole, mzee. Nimekuja kukueleza tatizo lako limetoka wapi.

Historia ya raga husimuliwa kwa vikombe na mashujaa. Mimi leo nataka kuisimulia kwa nauli, kwa sababu daraja la pili na la tatu ndiko mambo hayo yanakoamuliwa. Juu kule kuna mdhamini. Huku chini kuna swali moja tu: Jumamosi tutafika au hatutafika?

Turudi nyuma, Uingereza, mwaka 1893. Klabu za kaskazini mwa nchi ile, Yorkshire na Lancashire, zilikuwa na wachezaji wa viwandani na wa migodini, watu waliofanya kazi hadi Jumamosi. Ukienda kucheza, unakatwa mshahara. Klabu zikaomba jambo dogo: mchezaji alipwe kile alichokosa kazini. Wakubwa wa chama wakakataa. Kwao mchezaji wa kweli hapokei hata ndururu. Ni rahisi kusema hivyo kama baba yako ana shamba na farasi. Tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu zaidi ya 20 wakakutana kwenye Hoteli ya George, mjini Huddersfield, wakajitoa. Huko ndiko ilikozaliwa raga nyingine, ile iliyokuja kuchezwa na watu 13. Na malipo yenyewe yaliyovunja nyumba yalikuwa hayazidi shilingi 6 kwa siku.

Nawaomba vijana mnaoendesha boda boda, na wale wa shifti za bandarini, mulishike hili. Ugomvi wa 1895 haukuwa juu ya sheria za skramu, ule msukumano wa timu mbili. Ulikuwa juu ya Jumamosi ya mtu maskini.

Waliobaki kwenye raga ya watu 15 walipata woga ambao haukuwatoka kwa miaka mingi. Waliona ligi ndiyo mlango wa fedha: ukiwa na jedwali utataka kushinda, ukitaka kushinda utatafuta wachezaji, ukitafuta wachezaji utawalipa. Kwa hiyo wakati kandanda ya Uingereza ilikuwa na ligi tangu 1888, raga yao haikuwa na ligi ya taifa hadi 1987. Kombe la mtoano lenyewe lilikuja msimu wa 1971/72. Kabla ya hapo makatibu wa klabu waliandikiana tu, wakacheza mechi za kirafiki na majirani wale wale kila mwaka, kama babu zao.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, inahesabiwa tangu 1970, mwaka ule ule chama chetu cha raga kilipoundwa. Yaani sisi tuliwatangulia kwa miaka 17. (Makofi.) Pigeni, pigeni, lakini subirini kidogo.

Tuliweza kutangulia kwa sababu ligi yetu ilikuwa na nauli ndogo sana. Nondescripts, klabu ya tangu 1923, wako Jamhuri, Nairobi. Harlequin wako uwanja wa RFUEA, chama cha raga cha Afrika Mashariki, Ngong Road. Impala wako Ngong Road hiyo hiyo. Unaweza kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kwa miguu, na kiatu cha raga begani. Mwaka 1977 wakaja Mwamba, klabu iliyoanzishwa na wachezaji Waafrika waliochoka kuwa wageni kwenye klabu za wengine, na mwaka huo huo Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikaingia na kuchukua kombe papo hapo. Mambo makubwa hayo, lakini yote Nairobi. Ligi ikaitwa ya Kenya, na kwa miaka mingi Kenya yenyewe ilikuwa safari ya basi moja tu la mjini.

Na Mombasa? Mombasa Sports Club ilianzishwa 1896. Kikombe kikongwe cha raga Afrika Mashariki, Enterprise Cup, kilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1920 na maofisa na mabaharia wa manowari ya Uingereza iliyobeba jina hilo hilo. Na manowari, sisi watu wa pwani tunajua, haipandi Mariakani. (Kicheko.) Kwa hiyo raga hapa si mgeni. Tulichokuwa mbali nacho ni ratiba.

Leo ngazi ziko hivi. Juu kuna Kenya Cup. Chini yake Championship, ambako timu hupambana kupanda, na wanaoteremshwa kutoka juu huangukia humo. Chini yake kuna ligi ya Nationwide. Kando kuna Eric Shirley Shield kwa timu za pili za klabu. Huku kwetu tuna Mombasa RFC, waliowahi kucheza juu na kushuka, na ng'ambo ya Likoni kuna South Coast Pirates wa Diani. Msimu wenyewe unaanza mwisho wa mwaka na kuingia mwaka mpya, maana yake ni kaskazi yote, miezi ya joto kali huku pwani. Timu ya bara ikishuka hapa Februari, saa kumi alasiri, kipindi cha pili utaona mabeki wao wanatafuta kivuli cha nguzo. Hiyo ni silaha yetu, sikatai.

Lakini silaha hiyo inafanya kazi tu kama mpinzani amekuja.

Mnaijua hali hii. Asubuhi vijana wamepiga mistari ya chokaa. Gari la wagonjwa limekodishwa na limelipiwa, kwa sababu bila hilo refa hapulizi. Mama wa mabuyu ameshapanga vikombe vyake. Timu imepasha moto, inarudi ndani, inatoka tena. Refa anatazama saa. Meneja anapiga simu, inaita tu. Mwisho refa anaita nahodha mmoja katikati ya uwanja, anaandika karatasi, na wenyeji wanapewa ushindi wa mezani. Pointi zimeingia, ndiyo, lakini hela ya gari la wagonjwa imeondoka, na mama wa mabuyu hatakuja wiki ijayo. Klabu sitaitaja, na wala siilaumu sana. Najua ilipokwama: ilikwama kwenye nauli.

Basi sikilizeni walichofanya Waingereza 1987. Ligi yao ilianza kwa udhamini wa Courage, kampuni ya pombe. Masheikh mtanisamehe, historia haichagui mdhamini. Klabu zaidi ya elfu moja ziliwekwa kwenye ngazi moja, kutoka taifa hadi wilayani. Madaraja matatu ya juu yalikuwa ya nchi nzima, timu 12 kila moja. Daraja la nne likakatwa vipande viwili, Kaskazini na Kusini. Tarehe za mechi? Klabu zilikubaliana zenyewe. Vurugu tupu: Leicester walitwaa ubingwa wakiwa wamecheza mechi 10, wakati kila timu ilipaswa kucheza 11.

Ila tazameni pointi zao. Kushinda, pointi 4. Sare, 2. Kufungwa, pointi 1. Leicester walishinda 9 na kufungwa 1, wakamaliza na 37. Ile moja ya mwisho ni ya kufungwa. Ni ujira wa kufika uwanjani na kumaliza mechi.

Mimi naiona hiyo kuwa sheria yenye akili kuliko zote walizotunga, na walipoiacha baadaye walifanya hivyo kwa sababu hawakuihitaji tena. Sisi bado tunaihitaji. Leo kwenye bonasi unapata pointi moja ukifunga trai nne (trai ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani), na moja ukifungwa kwa tofauti isiyozidi saba. Lakini timu iliyosafiri usiku kucha kutoka magharibi mwa nchi ikaja kufungwa hapa kwa pointi 30 inaweza kurudi na sifuri, kana kwamba ilibaki nyumbani imelala. Hapo ndipo meneja mwenye mfuko mtupu anapoanza kupiga hesabu zake.

(Kijana mmoja nyuma aliuliza: kama mnagawa pointi za kufika, si ligi itakuwa ya watalii?)

Swali zuri. Jibu lake ni Exeter. Mwaka 1987 Exeter, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, walikuwa daraja la tatu. Kila mechi ya ugenini kwao ni safari. Waliteremka, wakapanda, wakauza uwanja wao wa zamani wakahamia Sandy Park mwaka 2006. Mwaka 2010 wakawafunga Bristol kwenye fainali ya miguu miwili, 9-6 nyumbani na 29-10 ugenini, wakaingia ligi kuu. Kutoka 1987 ni miaka 23 kwenye mabasi. Mwaka 2017 wakawa mabingwa wa Uingereza, na 2020 wakachukua Uingereza na Ulaya kwa mpigo. Hakuna aliyewaita watalii. Walichohitaji ni ligi ambayo haikuwaua kabla hawajakomaa.

Na kwetu, Nakuru walichukua Kenya Cup 2013 na 2014. Kabras wa Kakamega wakaichukua 2016, na wameichukua tena baadaye. Kabras wana kiwanda cha sukari nyuma yao. Nauli yao inalipwa na miwa. Sioni ubaya, nauliza tu, sisi tulio na bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, nauli yetu inalipwa na nini?

Hata hivyo fedha ya mdhamini mmoja ina hatari yake, na hapa nitapita haraka. Jersey, klabu ya kisiwani iliyocheza ligi za Uingereza, ilitoka madaraja ya chini ikafika daraja la pili mwaka 2012, ikawa bingwa wa daraja hilo 2023. Septemba ya mwaka huo huo ikafunga milango, hela zimekwisha. London Welsh walipanda hadi ligi kuu, msimu wa 2014/15 wakapoteza mechi zote 22, na miaka miwili baadaye kampuni yao ikafilisiwa. Klabu ikaanza upya madaraja ya chini. Richmond nao waliwahi kupita njia hiyo.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ningetaka viongozi walichukue. Mwaka 2022 Waingereza walipanga upya ligi zao za chini. Daraja la tatu likapunguzwa kutoka timu 16 hadi 14, yaani mechi 26 badala ya 30. Daraja la nne, lile lililokuwa vipande viwili, likawa vitatu: Kaskazini, Mashariki na Magharibi. Sababu waliyoitoa ni miili ya wachezaji na umbali wa safari. Hiyo ni nchi yenye reli kila kona, na bado wamekiri kwamba mtu anayefanya kazi Jumatatu hawezi kusafiri nchi nzima kila wiki ya pili.

Kwetu ningependa Championship na Nationwide zichezwe kwa kanda kwanza. Pwani na mashariki peke yao, mechi za nyumbani na ugenini, Malindi, Diani, Voi ikiwezekana. Halafu bora wa kila kanda wakutane mwishoni, na safari hizo chache chama kitafute mdhamini wa kuzilipia zote pamoja, badala ya kila klabu kuzunguka na bakuli. Na pointi moja kwa kila atakayefika.

(Mzee mmoja aliuliza kuhusu Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia katikati ya msimu.)

Ndiyo, mzee wangu, hilo halina jibu la Uingereza. Mchezaji aliyefunga saumu, saa kumi, jua la kaskazi, dakika 80. Kanda ingesaidia hapo pia: klabu za huku zingeweza kukubaliana mechi ziwe usiku baada ya tarawehe kama kuna uwanja wenye taa, au raundi hizo zisogezwe hadi baada ya Idi. Ukiwa kwenye ratiba moja na timu ya Eldoret huwezi kumwambia akusubiri. Ukiwa na jirani yako wa Diani, mnapigiana simu tu, na kivuko cha Likoni kiko wazi usiku kucha.