Kompyuta Uliyoiunda Mwenyewe Ikianza Kuzima Ovyo

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nasema na ninyi mlionunua vifaa kimoja kimoja, mkaunda kompyuta, ikawaka vizuri, kisha ikaanza kuzima au kuganda katikati ya kazi. Ninalotaka mlishike ni hili: kinacholalamika kwenye skrini mara nyingi sicho kilichoharibika. Kifaa kibovu huharibu data kimyakimya, na programu iliyoipokea ndiyo huanguka, ikaonekana ndiyo mkosaji.

Hata wakubwa hupotezwa hapo. Oktoba 2022, kompyuta ya mezani ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ilianza kuangusha kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu tayari, bila mpangilio. Kwanza alidhani ni hitilafu mpya ya kerneli, kiini cha Linux. Kumbe kijiti kimoja cha RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kilikuwa kimekufa.

Kwa hiyo ikiwa kila mara skrini ya buluu, ile ya Windows ikianguka, inakuja na kosa tofauti, leo hili kesho lile, anzeni na RAM. Ingieni kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi (bodi kuu), mzime XMP kwanza, mpangilio unaoisukuma RAM kwenye kasi ya juu. Watu wengi hawajui kwamba ile 6000 iliyoandikwa kwenye boksi la DDR5, RAM za siku hizi, ni kasi ya kusukumwa. Nyingi huanzia 4800. Ikitulia baada ya hapo, huenda RAM ni nzima, ila prosesa au mazabodi yako haiiwezi kasi ile. Isipotulia, wekeni Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, muiwashie kompyuta humo, muiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha, msilisamehe. Kisha pimeni RAM moja moja kwenye nafasi ileile. Kosa likiifuata RAM, tupeni RAM. Likibaki kwenye nafasi, tazameni mazabodi, na prosesa pia, maana kidhibiti cha RAM siku hizi kimo ndani ya prosesa.

Tafadhali, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na muandike. Ukibadilisha vitatu ikapona, hujui kilichokuponyea.

Sasa kuzima ghafla, pu, bila ujumbe wowote. Windows itaandika Kernel-Power 41 kwenye rekodi zake za matukio, na nimeona vijana wakiisoma wakakimbilia kununua pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Maandishi yale yanasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu, sababu hayasemi. Pimeni waya wa volti 12 kompyuta ikiwa kazini: inapaswa kuwa kati ya 11.4 na 12.6. Lakini mita ya kawaida haioni umeme unaoshuka kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, kwa hiyo kipimo kizuri hakiisafishi pawasaplai. Azimeni nyingine mnayoijua ni nzima. Na huku kwetu umeme wa ukutani wenyewe hupanda na kushuka, basi ijaribuni kompyuta kwenye nyumba nyingine kabla ya kutoa hela. Pawasaplai yenyewe msiifungue kamwe. Kapasita zake hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa.

Joto sitalirefusha: angalieni feni zinazunguka na kipozeo kimekaa sawa.

Rekodi ya Windows ninayoiheshimu zaidi ni ya WHEA-Logger, kwa sababu hapo vifaa vyenyewe ndivyo vinavyoripoti makosa yao. Wenye prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 msiipuuze. Michezo ya kompyuta ilikuwa ikilalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha, watu wakailaumu kadi, kumbe prosesa ndiyo ilikuwa inaomba volti nyingi kupita kiasi na kuchakaa. Intel ilitoa maikrokodi ya 0x129, maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na sasisho la BIOS, Agosti 2024, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Maikrokodi hiyo inazuia madhara, haiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Mwenye mpya asasishe BIOS leo; mwenye inayoanguka tayari adai dhamana yake.